Maadili ya Kupekua Mitandao ya Kijamii Katika Kuajiri Wahudumu wa Afya

Tuseme zahanati moja hapa Ipogolo, Manispaa ya Iringa, inatafuta muuguzi. Kabla ya usaili, mwajiri anafungua ukurasa wa Instagram wa mwombaji na kukuta picha mbili. Katika ya kwanza, mwombaji ni mjamzito. Katika ya pili amejipiga picha wodini, na sura ya mgonjwa inaonekana wazi nyuma yake. Ipi inastahili kupimwa?

Ya pili inahusu kazi yenyewe, kwa kuwa kutunza siri ya mgonjwa ni sharti la taaluma. Ya kwanza haihusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, ulemavu, dini au VVU, na inamlinda hata anayeomba kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Tatizo ni kwamba jicho likishaona, moyo hausahau. Mwombaji hunyimwa kazi bila kuijua sababu wala kujitetea. Kwa hiyo:

1. Mwombaji aarifiwe mapema.
2. Upekuzi ufanyike baada ya usaili, na mtu asiye mwamuzi, ambaye ataripoti yanayohusu kazi tu.
3. Mwombaji apewe nafasi ya kujieleza. Huenda akaunti si yake.

Mwajiri asiyeweza kutimiza haya na aiweke simu kando, ategemee usaili, vyeti, leseni na wadhamini.