Viota vya Tarangire, Msimu kwa Msimu

Wageni wengi huingia Hifadhi ya Taifa ya Tarangire wakiwaza tembo, na tembo hawakosekani. Lakini hifadhi hii ya kilomita za mraba 2,850, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Arusha kwa barabara ya Dodoma, ni mahali pazuri pia pa kutazama viota. Anayetaka kuvipiga picha aanze na kalenda, ramani baadaye.

Mvua: Novemba hadi Mei

Nyasi zikishachipua, kwera dume huingia kazini. Huchana ukanda mbichi wa jani, akaufunga kwenye kijiti, kisha akasuka pete. Ndani ya pete hiyo husimama akiendelea kusuka, na ukuta wa kiota huishia pale mdomo wake unapofika. Jike huja kukagua. Kiota kikikauka kabla hakijapata mwenyewe, mara nyingi dume hukifumua na kuanza upya. Kwa hiyo elekeza kamera kwenye viota vya kijani. Vya kahawia huenda vimekwisha kuhamwa.

Msimu huu pia hondohondo jike hujifungia ndani ya tundu la mti, mlango ukazibwa hadi ubaki ufa mwembamba. Dume humlisha kupitia ufa huo. Ukimwona amebeba mdudu mdomoni, egesha gari mbali na njia yake. Asipofika, walioko ndani hawana mlishaji mwingine.

Masika yakikolea, Machi hadi Mei, udongo mweusi karibu na kinamasi cha Silale hunasa magari. Uliza hali ya barabara getini kabla ya kuelekea huko.

Kiangazi: Juni hadi Oktoba

Mibuyu hubaki bila majani, na viota vya miiba vya kwera wakubwa huonekana wazi kwenye matawi. Migungani utaona mabunda ya nyasi ya kwera mwenye mkia wa rangi ya kutu, ndege ambaye makao yake karibu yote yako kaskazini mwa Tanzania. Kwenye vilele vya miti mirefu, tafuta tumbusi.

Uwandani, mbuni hutaga chini, kwenye kishimo tu. Jike mwenye rangi ya vumbi huatamia mchana, dume mweusi hushika zamu ya usiku. Piga picha ukiwa barabarani. Jike akiinuka kwa hofu, mayai hubaki kwa jua na bweha.

Vifaa

Lenzi ya milimita 400 inatosha kwa viota vingi. Iegemeze dirishani juu ya mfuko wa mchele au maharage, na uzime injini, maana mtetemo wake huharibu picha. Usivae nguo nyeusi wala za bluu iliyokoza: rangi hizo huwavuta mbung'o, na Tarangire wapo wengi. Droni hairuhusiwi bila kibali, wala kutoka nje ya barabara, wala kushuka garini isipokuwa mahali palipotengwa.

Adabu ya kiotani

Usitumie flashi, usicheze sauti za ndege kwenye simu, wala usiombe tawi likatwe ili upate picha safi. Jani linalokuzibia wewe ndilo linalomficha kinda asionekane na kipanga mla makinda, ambaye miguu yake hupinda mbele na nyuma hadi aweze kuchokoa ndani ya tundu.

Ndege akibeba chakula asiingie kiotani, au akipiga kelele bila kutulia, ujue wewe ndiye kikwazo. Mwambie dereva asogee.

Kama una siku moja tu, chagua mti mmoja wa kwera wenye viota vya kijani, fika asubuhi jua likiwa nyuma yako, ukae hapo saa nzima. Utapata picha nyingi kuliko ukikimbizana na viota kumi.