Kadi mbili, makundi mawili ya damu: niamini ipi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina ujauzito wa pili, miezi mitano sasa. Kwenye kadi ya mimba ya kwanza niliandikiwa kundi la damu O chanya. Safari hii nimepimwa kituo kingine, nikaambiwa ni O hasi. Mama mkwe anasema mimba hubadilisha damu. Ni kweli? Na niamini kadi ipi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera. Umefanya jambo la maana kutunza kadi ya zamani, kwani bila hiyo tofauti hii isingejulikana. Mpe mama mkwe jibu hili kwa heshima: mimba haibadilishi kundi la damu. Kundi umelirithi kwa wazazi wako na utaishi nalo, isipokuwa katika hali za nadra sana, kama mtu aliyepandikizwa uboho wa mwingine. Damu yako ni ile ile. Kilichotofautiana ni kipimo.

Juu ya chembe nyekundu za damu kuna antijeni. Mwenye antijeni A ni kundi A, mwenye B ni kundi B, mwenye zote mbili ni AB, na asiye nazo ni O. Antijeni nyingine, iitwayo D, ndiyo inayoamua kama utaandikiwa chanya au hasi. Mtaalamu wa maabara huzitafuta kwa kingamwili zilizo katika vichupa vitatu: anti-A ya rangi ya buluu, anti-B ya njano, na anti-D isiyo na rangi. Hudondosha tone la kila moja kwenye kigae cheupe, huchanganya na damu yako, kisha hukitikisa taratibu. Kingamwili ikiikuta antijeni yake, chembe hushikana na damu hufanya vibonge. Isipoikuta, damu hubaki laini.

Sasa angalia jambo moja. Damu ya AB chanya hutambuliwa kwa sababu vichupa vyote vitatu vimejibu. Damu ya O hasi hutambuliwa kwa sababu vyote vitatu vimenyamaza. Lakini kingamwili iliyoharibika nayo hunyamaza. Vitendanishi hivi vinatakiwa vikae kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Vikishinda kwenye joto au muda wake ukipita, nguvu hupungua. Tena anti-D haina rangi, hivyo tone lake likisahaulika kwenye kigae si rahisi mtu kugundua. Ndiyo maana maabara makini hujaribu kwanza vichupa vyake kwa damu ambayo kundi lake linajulikana, kabla ya kugusa damu ya mgonjwa.

Kwa O kuna njia ya pili ya kuhakiki. Mtu wa kundi O kwa kawaida ana anti-A na anti-B katika plazma yake, kwa hiyo plazma hiyo ikichanganywa na chembe za A na za B lazima vibonge vitokee. Kwa D hatuna hakikisho hilo, maana mtu wa D hasi hazaliwi na anti-D. Tunategemea ubora wa kichupa na umakini wa anayepima.

Sababu nyingine ni ya kawaida zaidi: bomba la damu kuandikwa jina la mtu mwingine, au jibu kunakiliwa kwenye kadi isiyo yako. Kosa la namna hii linaweza kuangukia kadi yoyote kati ya hizo mbili.

Sababu ya tatu iko kwenye damu yenyewe. Wapo watu wenye D dhaifu, yaani antijeni D iliyo chache au iliyopungukiwa sehemu fulani. Zamani kingamwili za maabara zilitolewa kwenye damu ya watu. Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein waligundua huko Cambridge, Uingereza, jinsi ya kupata seli zinazotengeneza kingamwili ya aina moja tu bila kukoma, na vichupa vingi vya leo hutokana na njia hiyo. Kingamwili ya aina moja hushika mahali pamoja tu pa antijeni. Kwa hiyo anti-D ya mtengenezaji mmoja inaweza kuiona D dhaifu ambayo ya mwingine haiioni, na maabara zote mbili zikawa zimefanya kazi yao sawasawa.

Kwa nini nalisisitiza hili? Mama wa D hasi akibeba mtoto wa D chanya, damu ya mtoto inaweza kupenya kwa mama, hasa wakati wa kujifungua, na mwili wa mama ukatengeneza anti-D. Katika mimba inayofuata kingamwili hizo huvuka kondo la nyuma na kuziharibu chembe za mtoto. Mtoto hupungukiwa damu, hupata manjano kali, na anaweza kufa. Na wewe, kwa kuwa uliandikiwa chanya, huenda hukuchomwa sindano ya kinga baada ya uzazi wa kwanza.

Kwa hiyo, nenda wiki hii na kadi zote mbili kwenye hospitali yenye maabara kubwa, ikiwezekana hospitali ya rufaa. Omba kundi lako lipimwe upya kwa damu mpya, na upimwe kama tayari una anti-D mwilini kwa kipimo cha Coombs. Mwenzako naye apimwe, na kundi la mtoto wa kwanza, kama linajulikana, mwambie daktari. Mpaka jibu lithibitishwe, uhudumiwe kama D hasi: damu ya O hasi haikudhuru hata ukibainika kuwa chanya, ila kinyume chake kina hatari.

Ukithibitika kuwa hasi na huna kingamwili, kuna sindano ya anti-D, inayotengenezwa kutokana na plazma ya wachangiaji na isiyo na uhusiano na kile kichupa cha maabara. Hutolewa karibu na wiki ya 28 pale inapopatikana, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto wa D chanya. Mimba ikiharibika, ukitokwa damu au ukiumia tumbo, wahi hospitali ukaulizie sindano hiyo. Ukikutwa tayari una kingamwili, sindano haitasaidia, lakini mtoto anaweza kufuatiliwa kwa karibu na kutibiwa.

Watu wa D hasi ni wachache kwetu Afrika Mashariki, na damu yao ni adimu. Zungumza na ndugu zako wa tumbo moja wapime mapema, ili aliye O hasi achangie benki ya damu kabla siku yako haijafika.