AKILI: NI YA KUZALIWA AU YA KULELEWA?



Bwenini kwetu twabishana mara nyingi. Huyu husema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Yule hujibu, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Nataka kuonyesha kwamba methali zote mbili zina haki, wala hazigombani.

Mtoto akilelewa na wazazi waliomzaa, ni vigumu kujua kama akili yake yatoka katika damu au katika malezi, maana vyote viwili amevipata nyumba moja. Kwa hiyo wataalamu huwatazama watoto waliolelewa na wazazi wasiowazaa.

Huko Iowa, Marekani, Marie Skodak na Harold Skeels waliwafuata watoto 100 wa namna hiyo, waliochukuliwa kabla ya kutimiza miezi sita. Habari zao za mwisho zilitolewa mwaka 1949, watoto wakiwa na miaka 13 hivi. Katika kipimo cha akili, ambacho mtu wa kawaida hupata 100, akina mama 63 waliowazaa walipata wastani wa 86. Watoto wao walipata 106.

Lakini tazama tena. Mtoto ambaye mama yake mzazi aliwapita akina mama wengine, mara nyingi naye aliwapita watoto wenziwe.

Yawezekanaje? Fikiri wavulana watano wamepanda kidato kimoja cha ngazi. Wote wameinuka, lakini aliye mrefu angali mrefu kuliko wenziwe. Malezi ni kidato. Damu ni urefu.

Pengine utauliza: je, kama baba zao walikuwa na akili nyingi? Swali zuri, maana hao hawakupimwa. Basi, mwaka 2015 Kenneth Kendler na wenzake walitoa habari za Sweden. Walilinganisha mafungu 436 ya ndugu wa kiume, baba mmoja mama mmoja, mmoja amelelewa kwao na mwingine kwa watu, hasa wenye elimu zaidi. Waliolelewa kwa watu walizidi kwa alama 4 na kidogo. Kidato hiki ni kifupi kuliko kile cha Iowa, lakini kipo.

Wako wasemao, "Baba yake hakusoma, ya nini kumlipia mtoto ada?" Nasi tuliosoma tukiyasikia hayo nyumbani, tusinyamaze. Damu hatuwezi kuibadili. Kidato twaweza kukijenga.