Kununua Nyumba ya Kupangisha Kampala: Anza na Hati

Tangu nilipohamia Kampala kutoka Mombasa kwa ajili ya biashara, nikaoa hapa na kufanya makazi hapa, jamaa zangu wa pwani na wa Dar es Salaam hawaachi kuniuliza kama yafaa mtu kutia mali yake katika nyumba za kupangisha za mji huu. Na jawabu langu ni kwamba yafaa, kwa sharti kuwa mnunuzi ataisoma hati kabla ya kuyatazama matofali, maana ufa wa ukuta fundi huuziba kwa siku mbili, ilhali ardhi iliyo chini ya ukuta ule yaweza kuwa na wenyewe wawili, na kila mmoja wao akawa na haki inayotambuliwa na sheria.

Jambo hili lina asili yake. Kwa mkataba wa mwaka 1900 baina ya Waingereza na Buganda, Kabaka, jamaa zake na machifu waligawiwa ardhi iliyokuja kuitwa mailo, na wakulima waliokuwa wakiishi juu yake wakageuka wapangaji pasipo kuulizwa, hata ikabidi itungwe sheria ya mwaka 1928 ya kuwakinga na kuweka kiasi cha busuulu, ambayo ndiyo kodi ya kila mwaka anayolipwa mwenye ardhi. Idi Amin aliifanya ardhi yote kuwa ya umma kwa amri yake ya mwaka 1975, kisha Katiba ya mwaka 1995 ikairudisha mailo pamoja na milki huru, ardhi ya kukodi na ardhi ya mila; na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ikathibitisha kwamba aliyeingia kwa idhini ya mwenye ardhi, au aliyekaa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba hiyo bila kupingwa, ni mwenye kibanja halali, yaani ana haki ya kuikalia ardhi hiyo ingawa hati ni ya mwingine. Marekebisho ya mwaka 2010 yakaongeza kuwa mtu huyo hawezi kuondolewa ila kwa amri ya mahakama, tena kwa sababu moja tu, ya kutolipa busuulu. Kwa hiyo anayenunua mailo hununua na watu waliomo, wala haki zao hazipungui hata chembe kwa kuwa hati imebadili jina.

Nakumbuka kiwanja kimoja cha huko Kyanja, ambacho dalali alituonyesha akiwa na nakala ya hati safi mkononi, haina deni wala zuio, na jina la muuzaji limeandikwa barabara. Walakini nyuma ya migomba palikuwa na makaburi matatu yaliyosakafiwa kwa saruji, na pembezoni mwake safu ya luwaanyi, ule mmea ambao Waganda hupanda kuonyesha mpaka, ukiwa umenenepa mashina kama uliopandwa zamani za wazee. Nilipouliza ni makaburi ya nani, dalali alicheka akasema, "Usihofu, Hajji, hao ni watu wa nyumbani tu, tutawapa kitu kidogo watahama." Basi nikaenda mwenyewe kumsalimu bibi aliyekuwa akimenya ndizi barazani, na baada ya maamkizi, ambayo kwa Waganda hayaharakishwi, akanitolea stakabadhi za busuulu za miaka mingi, zilizotiwa saini na baba yake yule muuzaji.

Hapo wengi hukimbia, na wengine hufanya vibaya zaidi, wakalipa kisha wakaleta tingatinga. Mimi husema kwamba kiwanja cha namna hii chaweza kununuliwa kwa heshima, endapo mwenye hati na mwenye kibanja watakaa meza moja mbele ya wakili, wakakubaliana ardhi igawanywe, mwenye kibanja apewe sehemu yake kwa hati yake mwenyewe, naye aiachilie iliyobaki kwa maandishi. Yule bibi alibaki na makaburi na migomba yake, nasi tukapata upande wa barabara. Bei ilipanda kidogo, lakini hadi leo hakuna aliyetugongea mlango na barua ya mahakama. Na anayenunua kibanja peke yake, kwa kuwa bei yake ni nafuu, ajue kwamba sheria humtaka muuzaji ampe mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kukinunua, na kuipita hatua hiyo ni kosa.

Upekuzi wenyewe hauna taabu. Chukua nambari ya bloku na ploti, uipeleke katika ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi inayohusika, ulipe ada ambayo ni ndogo mno ikilinganishwa na hasara inayozuiliwa, upewe ripoti ya jina la mwenye hati, rehani zilizopo na kaveti, yaani zuio lililowekwa na mtu mwingine mwenye dai. Angalia tu kwamba Najjera na Kira, ingawa watu huziita Kampala, zimo katika wilaya ya Wakiso, na vibali vya ujenzi vya huko havitolewi na mamlaka ya jiji. Kisha umwajiri mpima ardhi uliyemchagua wewe, asiwe wa dalali, afungue mipaka na kuyatafuta mawe yake. Umwone na mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la mtaa, walakini usitosheke naye, uwaulize majirani pia, kwa kuwa majirani hawana kamisheni.

Muuzaji akiwa na mke, au muuzaji akiwa mke mwenye mume, na ardhi ikawa ndiyo wanayoishi au inayowalisha, idhini ya mwenzake ni ya lazima, na mauzo bila idhini hiyo ni batili. Na ikiwa mwenye hati amekwisha kufariki, nawaonya hasa Waislamu wenzangu: mirathi iliyogawanywa na sheikh kwa faraidhi yaweza kuwa sahihi kabisa mbele ya Mwenyezi Mungu, lakini msajili wa hati atataka barua ya usimamizi wa mirathi iliyotoka mahakamani, na warithi wasio nayo hawana cha kukuhamishia.

Bonde nalo ulihukumu kwa macho yako. Mwezi Juni mwaka 2024 mamlaka ya mazingira ilibomoa nyumba za watu katika ardhi oevu ya Lubigi, na waliokuwa wamelipia viwanja vile walisimama kando wakitazama. Mafunjo yakiota karibu na ukuta, ondoka, hata kama hati ina muhuri.

Sisi tuliotoka Kenya au Tanzania, Jumuiya ya Afrika Mashariki haijatufanya raia wa Uganda katika suala la ardhi. Asiye raia haruhusiwi kumiliki mailo wala milki huru. Hupewa ardhi ya kukodi kwa muda usiozidi miaka 99, sawasawa na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inavyomfanyia mgeni wa kule, na kampuni ambayo wenye nguvu ndani yake ni wageni huhesabiwa mgeni pia. Kiwanja cha Kyanja kiliandikwa jina la mke wangu, ambaye ni raia, na ni haki yake. Wapo wanaoazima jina la rafiki au la mlinzi wa lango ili kuikwepa sheria, na sijui ni kwa hoja gani watakuja kudai mali yao siku urafiki utakapokwisha.

Sasa fedha. Ushuru wa stempu wa kuhamisha hati ni 1.5% ya thamani anayoikadiria mthamini wa serikali, wala si ya bei mliyoiandika ninyi ili kupunguza, hivyo kiwanja kilichokadiriwa shilingi milioni 200 hutozwa milioni 3. Kodi ya mapato ya pango kwa mtu binafsi ni 12% ya kila kinachozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, pasipo kutoa gharama za rangi wala za mabomba: nyumba inayoleta milioni 1 kwa mwezi italipiwa shilingi 1,101,600 kwa mwaka. Kampuni hutozwa 30% baada ya kutoa gharama, lakini gharama hizo haziruhusiwi kuzidi nusu ya pango, kwa hiyo pango lile lile la milioni 12 kwa mwaka litatozwa si chini ya milioni 1.8, na mwenye nyumba moja au mbili aliyeshauriwa kufungua kampuni na afanye hesabu hii kwanza.

Mikopo ya benki kwa shilingi aghalabu huzidi riba ya 15%, na kwa kiwango hicho ni nadra kuona safu ya mizigo, yaani vyumba vya kupangisha, ikijilipia deni lake, seuze kumlisha mwenyewe. Asiyetaka riba kwa sababu ya dini anayo sasa Salaam Bank, iliyopata leseni ya kuendesha benki ya Kiislamu mwaka 2023, ila huko nako asome mkataba wa faida mstari kwa mstari.

Na wapangaji nao wana sheria yao tangu mwaka 2022: pango halipandishwi zaidi ya 10% kwa mwaka, na asiyelipa hutolewa kwa amri ya mahakama, wala si kwa kung'olewa mlango au kukatiwa umeme. Kwa hiyo weka akiba ya miezi kadhaa isiyo na pango kabla hujapiga hesabu ya faida. Anayekusudia kuniuliza juu ya nyumba fulani na aje na nambari ya bloku na ploti. Bei tutaizungumza baadaye.