Nani Anayezuia Watu Kuanguka Mjengoni?

Lucky Summer, kama mitaa jirani ya Baba Dogo na Dandora, inajengwa kwenda juu. Jengo la Huruma lililoporomoka Aprili 2016 na kuua makumi ya watu bado linakumbukwa Nairobi nzima. Lakini fundi anayeteleza kutoka orofa ya tatu huanguka peke yake, na habari zake huishia mtaani. Haya ni majibu kwa maswali ambayo watu wa mjengo huuliza kuhusu jukumu la kuzuia ajali hizo.

Mimi ni mwenye ploti. Kazi yote nimempa kontrakta. Mtu akianguka, inanihusu?

Inaweza kukuhusu sana. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamwajibisha mwajiri na yeyote anayeshikilia mahali pa kazi, awe mwenye mali au asiwe. Mzigo mkubwa ni wa kontrakta, kwa kuwa ndiye anayeajiri na kupanga kazi. Lakini ukimruka ukawaamrisha vibarua wamalize plasta leo hii, umeshaingia kwenye uendeshaji wa kazi. Kabla ya kutia sahihi, hakikisha mradi umesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA). Pesa za majukwaa na vizuizi ziandikwe peke yake kwenye hesabu ya kazi, la sivyo zitaishia kwenye simiti na vyuma.

Msimamizi ana mambo mengi. Kwa upande wa kuanguka, kazi yake hasa ni ipi?

Awe mtu mmoja, na kila mtu pale amjue. Akague kabla watu hawajapanda, aamue nani anafaa kufanya kazi juu, aandike alichokiona na kilichorekebishwa, na awe na uwezo wa kusimamisha kazi bila kumpigia mtu simu kuomba ruhusa. Hilo la mwisho ndilo linalokosekana mara nyingi. Anayeona hatari na hana uwezo wa kuwashusha watu ni mtazamaji kama wapita njia.

Asubuhi aanze kuangalia wapi?

Aanze na mashimo: la ngazi, la lifti, la mabomba. Kila kifuniko kipigiliwe misumari na kiandikwe "SHIMO". Kibarua akiona ubao umelazwa tu kwenye slebu hudhani ni wa kuokota; huuinua mbele yake, hupiga hatua, na hutumbukia.

Kisha kingo za slebu na za majukwaa. Kizuizi kifike takriban mita 1, kiwe na upau wa katikati, na ubao chini ili nyundo isiteleze ikamwangukia aliye chini.

Kwenye jukwaa la nguzo za mkaratusi, atazame zilizopasuka penye misumari au kuliwa na wadudu. Miguu ya jukwaa ikae juu ya mbao pana, si kwenye matope, na jukwaa lifungwe kwenye jengo. Pa kukanyagia pajae mbao. Ubao mmoja hautoshi mtu mwenye karai begani. Ngazi ichomoze mita 1 juu ya pale anaposhukia mtu. Nyaya za stima zikipita karibu na roshani, kazi ya upande huo isubiri hadi Kenya Power washughulikie, maana anayepigwa na stima juu huanguka pia.

Ukaguzi kamili ufanywe walau kila siku 7, na tena baada ya mvua kubwa au jukwaa likibadilishwa.

Si tununue hanesi tu, tumalize maneno?

Hanesi huja mwisho, pale kizuizi kisipowezekana. Fanya hesabu: kamba ina takriban mita 2, kifyonza mshtuko kikifunguka huongeza zaidi ya mita 1, ongeza mwili wa mtu na nafasi ya akiba. Jumla inakaribia mita 6 chini ya pale ulipofunga. Slebu ya kwanza iko takriban mita 3 kutoka chini, kwa hiyo aliyejifunga hapo usawa wa kifua atagonga ardhi hanesi ikiwa imevaliwa vizuri kabisa. Na ulifunga wapi? Kanuni za Marekani hutaka mahali hapo pahimili pauni 5,000, zaidi ya tani 2, kwa kila mtu. Nguzo ya jukwaa haifiki huko.

Mimi ni kibarua. Nikikataa kupanda, nitaambiwa kesho nisirudi.

Sheria inakutaka umjulishe msimamizi wako ukiona hatari kubwa, na inakataza kukurudisha hapo kabla haijaondolewa. Pia inakataza kufukuzwa kwa sababu umelalamika. Ukilalamika, taja kitu: "ubao wa tatu umepasuka" ni vigumu kupuuzwa kuliko "naogopa". Semeni mkiwa wengi. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, lazima iwepo kamati ya usalama.

Ameshaanguka. Tufanye nini?

Msimwinue kwa mikono na miguu mkampakia kwenye bodaboda. Uti wa mgongo unaweza kuwa umevunjika. Pigeni 999 au 112, mumzuie asitikisike. Anayening'inia kwenye hanesi ateremshwe haraka, kwa kuwa damu hukwama miguuni, hivyo mpango wa kumwokoa uwepo kabla hajapanda. Akifa, Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini (DOSHS) ijulishwe ndani ya saa 24, na maandishi yafuate ndani ya siku 7. Akilemaa kabisa au kufa, sheria ya fidia ya 2007 inakadiria malipo ya mapato ya miezi 96. Mbao za kizuizi ni rahisi kuliko malipo hayo.

Mwenye ploti, kesho ukifika uliza swali moja: nani hapa anaweza kusimamisha kazi? Usipopewa jina, usikubali mtu yeyote apande.