Mgeni Akikukabidhi Simu Porini

Katika vitalu vya uwindaji vya Tanzania, anayepiga picha ya nyara mara nyingi si mwindaji bingwa anayeongoza msafara, wala si mgeni aliyelipia leseni. Ni dereva, au mfuatilia nyayo, au kijana wa kuchuna ngozi. Risasi imelia, mnyama ameanguka, watu wamepeana mikono, kisha mgeni anatoa simu na kumkabidhi yule aliye karibu naye. Hakuna aliyemfundisha kijana huyo chochote kuhusu picha, na picha hiyo ndiyo itakayovuka bahari na kutazamwa na watu ambao hawatakanyaga mapori ya Rungwa wala Maswa maisha yao yote. Haya nayaandika kwa ajili yake.

Usiipokee simu kabla hujajua kwamba mnyama amekufa. Nyati aliyelala kimya ameshaua watu wengi waliomwendea kwa pupa. Mnaomkaribia mtokee nyuma yake, mmoja awe tayari na bunduki, na jicho liguswe kwa fimbo ndefu. Likipepesa, rudini. Mwindaji bingwa akisharidhika, ndipo bunduki ya mgeni ifunguliwe bolti, risasi zitolewe, chemba ichunguliwe. Bunduki ikiingia kwenye picha, mtutu usimwelekee mtu yeyote, na wewe uliyelala kifudifudi na simu ni mtu pia. Wapiga picha husahau hilo kuliko wote.

Kuna jambo moja ambalo huleta ugomvi palepale kwenye mzoga, nalo ni kisu. Katika kundi wamo Waislamu, na nyama ile wanaitegemea. Mnyama akianguka na bado ana uhai, wanataka achinjwe upesi asije akawa kibudu. Mgeni naye anataka ngozi ya shingo ibaki nzima, kwa sababu kichwa kitatengenezwa kitundikwe ukutani pamoja na mabega, na kovu la kisu kooni humharibia fundi kazi. Nimeona watu wazima wakigombezana juu ya hili huku mnyama akikata roho. Hapo si mahali pa kujadiliana. Yazungumzwe kambini usiku wa kwanza, mgeni akiwepo: ni wanyama gani nyama yao italiwa, nani atachinja, na mgeni aelezwe kwamba kwa wengine hii ni dini, si desturi tu ya jikoni. Vyovyote mtakavyokubaliana, picha isimzuie mchinjaji hata dakika moja. Na jeraha la kisu likionekana pichani, usilifute baadaye kwa programu ya simu. Ndivyo alivyokufa.

Sasa kumwandaa. Chukua chupa ya maji na majani, umfute damu puani na mdomoni, urudishe ulimi ndani. Upande wenye tundu kubwa la risasi uelekezwe chini. Mnyama alazwe kifua chini, miguu ikunjwe, kichwa kiinuliwe kidogo kwa jiwe au gogo ili pembe zionekane. Nyasi zilizo mbele zilaze kwa mkono. Usikate kichaka kizima kwa ajili ya picha moja. Wapo wanaosema kufuta damu nako ni kudanganya. Mimi sikubaliani nao. Kila atakayeiona picha atajua mnyama ameuawa, kwa hiyo hakuna aliyefichwa jambo. Kilichoondolewa ni fedheha tu. Kumsimamisha kwa nguzo ili aonekane kama bado yu hai, huo ndio uongo.

Wageni kutoka Ujerumani na Austria huenda wakataka kitawi kibichi. Watakivunja wenyewe na kumtia mnyama mdomoni kabla ya picha. Kwao ni tonge la mwisho, heshima ya mwindaji kwa mnyama aliyemuua. Usicheke, wala usikiondoe kwa kudhani ni taka iliyobaki mdomoni. Shusha simu, wamalize, kisha endelea.

Mgeni apige goti nyuma ya bega au kando yake. Asimkalie. Asimkanyage shingo. Asimpanue simba taya ili meno yaonekane kama anaunguruma, asimtie sigara mdomoni, na chupa ya bia isubiri kambini. Ni vigumu kijana wa kazi kumkataza mtu aliyelipa maelfu ya dola, najua, na hofu ya kukosa bakshishi ni ya kweli. Basi usimkataze kwa maneno. Muonyeshe kwa mkono pa kupiga goti kabla hajachagua mwenyewe, na umwambie mwanga uko vizuri pale. Wengi hutii, maana kinachowafanya wamkalie mnyama ni kutojua wakae wapi.

Udanganyifu mkubwa zaidi katika picha za nyara ni wa ukubwa, na watu wengi huufanya bila kujua hesabu yake. Kitu kilicho mbali mara mbili huonekana nusu. Weka simu mita moja na nusu kutoka kwenye pembe za nyati, mgeni akae mita moja na nusu nyuma ya pembe hizo: mgeni ataonekana nusu ya umbo lake, na nyati wa kawaida atageuka jitu. Lenzi ya simu huona eneo pana, ndiyo maana tunasogea karibu sana na kuzidisha kosa hilo. Dawa yake ni rahisi. Mgeni agusane na bega la mnyama, wewe urudi nyuma mita 5, ukuze picha mara mbili badala ya kusogea. Hapo tofauti kati yao haizidi sana sehemu moja ya kumi. Hakuna faida ya kukuza pembe kwa hila. Vitabu vya kumbukumbu za nyara, kikiwemo cha Rowland Ward kilichoanza kuchapishwa mwaka 1892, hujazwa kwa vipimo vya futikamba, na futikamba haijali simu ilikuwa wapi. Na katika nyati dume, ubora anaoutafuta mwindaji mwenye ujuzi ni uzee: lile paji la pembe liwe limekomaa na kuwa gumu hadi katikati, bila nyama laini yenye manyoya. Basi piga picha moja ya paji hilo kutoka mbele, simu ikiwa sawa na macho yake. Picha hiyo moja ina habari nyingi kuliko ishirini za tabasamu.

Kwa simba, ukweli wa picha ni wa lazima. Kanuni za Tanzania zinataka dume anayewindwa asiwe chini ya miaka 6, ili madume walio bado na watoto wa kulea wasiuawe. Mwaka 2004 Craig Packer na wenzake, waliofanya utafiti wa miaka mingi Serengeti, walionyesha kwamba pua ya simba huzidi kuwa nyeusi kadiri anavyokua, na kwamba weusi huo unasaidia kukadiria umri. Kwa hiyo piga picha ya pua kwa karibu, kivulini, bila fleshi. Piga picha ya meno, na ya uso kwa pande zote mbili. Usitumie kabisa filta za kung'arisha wala kukoleza rangi. Anayekoleza weusi wa pua kwenye simu anamwongezea simba umri ambao hakuuishi.

Kisha kuna maneno yanayoandikwa chini ya picha. Simba Cecil alipouawa nje ya Hifadhi ya Hwange, Zimbabwe, mwaka 2015, picha iliyozunguka sana duniani ilikuwa ya mwindaji aliyemuua akiwa na simba mwingine, aliyeuawa zamani. Watu walimlilia Cecil wakimtazama asiye yeye. Picha isiyo na tarehe wala mahali hubebeshwa habari yoyote. Mshauri mgeni aandike mwezi, mwaka, na nchi. Aandike kama mnyama alifuatwa siku tatu au aliviziwa kwenye chambo. Aliyempiga simba aliyefugwa ndani ya uzio, jambo lililofanyika sana Afrika Kusini, asiandike kana kwamba alimfuata nyayo msituni. Na kuhusu mahali, jina la kitalu litoshe. Kabla ya kupiga, zima kipengele cha simu kinachohifadhi mahali ulipo, kwani picha ya dume mkubwa wa tembo yenye alama za ramani ndani yake ni barua ya mwaliko kwa jangili.

Nina kinyongo kimoja cha miaka mingi. Mtu aliyeonyesha majani yaliyolala, aliyegusa kinyesi na kujua kama ni cha asubuhi au cha jana, ndiye anayeambiwa asogee pembeni ili picha ipendeze. Mwombe mgeni picha moja ya kundi lote: wafuatilia nyayo, dereva, mchunaji, askari wa wanyamapori. Kwanza waulizwe kama wanataka, maana wapo wasiopenda sura zao zisambae kwa watu wasiowajua, na wasilazimishwe. Wanaokubali, majina yao yaandikwe kamili. Na wewe uliyepiga picha, usizitume kwenye makundi ya WhatsApp bila idhini. Simu ni ya mgeni, sura ni za wenzako.

Yote haya yasizidi robo saa. Picha kumi zinatosha. Jua la saa tano asubuhi halisubiri, tumbo la nyati huanza kujaa hewa, na kuna watu kambini na vijijini wanaoingoja nyama hiyo. Ukishapiga ya mwisho, mrudishie mgeni simu yake, shika mguu wa nyuma, usaidie kupakia.