Mkaa, Maji na Majira Chini ya Mlima Meru

Jiko lisilale ndani

Kuanzia Juni hadi Agosti, Arusha hupoa kweli kweli, na usiku baridi hupenya hadi kitandani. Wenye chumba kimoja cha kupanga hulitazama jiko la mkaa lililopikia chakula cha jioni, wakaliingiza ndani ili watoto wapate joto. Tunawaomba sana: lisiingie.

Mkaa ukishakolea, moshi hukoma, na hapo watu hudhani hatari imekwisha. Kumbe mkaa mwekundu bado unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta, inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Aliyelala anaweza kufa bila kuzinduka. Kwa mama mjamzito, mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika vibaya hata kama mama mwenyewe anajisikia nafuu.

Beseni la maji kando ya jiko halizuii hewa hii, wala upenyo mdogo wa dirisha hautoshi. Pikia nje au barazani, na jiko libaki huko. Watoto walale na soksi na sweta, kwenye blanketi moja na wenzao.

Kichwa kikiuma, kizunguzungu na kichefuchefu vikiwashika watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja, msisubiri kupambazuke. Fungueni milango, tokeni nje wote, wahini hospitali. Aliyezimia alazwe kwa ubavu mahali penye hewa safi, asinyweshwe maziwa wala kitu kingine chochote, kwani kinaweza kumpalia.

Maji ya masika ni hazina

Miamba ya volkano ya Meru huingiza floridi kwenye chemchemi na visima vyetu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na maeneo kama Ngarenanyuki yana vyanzo vinavyozidi hapo kwa mbali. Watoto wenye meno ya kahawia wasichekwe wala kuitwa wachafu: madoa hayo yaliingia jino likiwa bado linaumbika ndani ya ufizi, na mswaki hauwezi kuyaondoa. Floridi ikizidi kwa miaka mingi, hudhuru hata mifupa.

Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini floridi hubaki, tena hukolea kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Kwa hiyo masika, Machi hadi Mei, kingeni maji ya bati. Mvua ya kwanza ioshe paa kwanza; inayofuata ijaze tangi lenye mfuniko. Yatengeni kwa kunywa na kwa uji wa watoto walio chini ya miaka minane, na bado yachemsheni. Mtoto mchanga wa chini ya miezi sita anyonye tu, kwani maziwa ya mama yana floridi kidogo mno. Magadi nayo hubeba floridi nyingi; maharage na mahindi ya makande yalowekwe usiku kucha, yataiva bila magadi.

Korongo likijaa

Aprili 2024, huko Muriet, Arusha, maji ya korongo yalisomba gari la shule. Wanafunzi walikufa, na mmoja wa waliojitosa kuwaokoa naye akafa. Mvua kubwa ikinyesha, mtoto asivuke korongo peke yake, na dereva akitaka kujaribu kuvuka, shukeni. Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa namba 114, bila malipo.